Kutumwa na Kujituma: Mkimbiaji wa Masafa Marefu katika Lugha na Maandishi

Kitenzi *kukimbia* kina kazi mbili katika Kiswahili, na kazi hizo hazipatani. Mtu hukimbia kwa kwenda mbio, na mtu hukimbia kwa kutoroka: hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia nyumba yenye ugomvi. Kutokana na mzizi huohuo lugha imezaa mkimbiaji na mkimbizi, ndugu wawili wanaotenganishwa na viambishi tamati tu. Methali nazo hazimpendelei mwenye mbio. Haraka haraka haina baraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kutangulia si kufika. Mwanariadha wa masafa marefu anapoingia katika Kiswahili anaingia akiwa na kesi ya kujibu. Inambidi aoneshe kwamba hakuna kitu anachokitoroka, na kwamba mbio zake zina urefu unaozidi ile sakafu ya methali.

Kesi hiyo haijasikilizwa vya kutosha. Afrika Mashariki imeijaza dunia wakimbiaji wa barabarani kwa zaidi ya nusu karne, lakini nathari inayowaeleza, hasa nathari ya mazoezi yao na si ya ushindi wao, kwa sehemu kubwa imeandikwa katika lugha za wengine. Makala haya yanasoma hadithi za Watanzania wawili, John Stephen Akhwari na Juma Ikangaa, sambamba na vitabu vichache vya kigeni ambavyo vimekuwa mizani ya fasihi ya mbio: hadithi ya Alan Sillitoe, kumbukumbu za Haruki Murakami na simulizi ya Adharanand Finn. Hoja ni kwamba masimulizi yaliyopo yamemjua mkimbiaji aliyetumwa lakini hayajamjua mkimbiaji aliyejituma, na kwamba upungufu huo unawagusa pia wasomaji ambao hawajapata kukimbia hata kilomita moja.

Sentensi iliyosafiri kuliko msemaji wake

Tarehe 20 Oktoba 1968 watu 75 walianza marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City. Waliomaliza walikuwa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa 57, John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda na mguu umefungwa bendeji, akiwa ametumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Medali zilikuwa zimekwisha kutolewa na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa ameanguka kabla ya nusu ya njia, katika msongamano wa watu waliokuwa wakiwania nafasi, akaumia goti na bega. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu kiasi kile ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Sentensi hiyo ilienezwa zaidi na Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu za Olimpiki kutoka Marekani, na leo inaishi maisha yake yenyewe. Inasomwa katika mahafali, inabandikwa katika kuta za ofisi, inahubiriwa. Imepata pia tabia ya masimulizi ya mdomo: matoleo yake hayafanani. Mara nchi ilimtuma maili 5,000, mara 7,000, mara 10,000. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City kwa njia fupi ya angani ni zaidi ya maili 9,000, kwa hiyo takwimu inayorudiwa mara nyingi ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa. Nambari katika ngano haipimi njia. Inapima ukubwa wa wajibu, kama zile siku saba mchana na usiku za hekaya. Kinachopaswa kumshangaza ni jambo jingine, nalo ni kwamba sentensi ya Mtanzania imezunguka dunia kwa Kiingereza, na Waswahili wenyewe huipokea kama tafsiri inayorudi nyumbani.

Inaporudi nyumbani, inakuta kitenzi chenye uzito ambao Kiingereza hakina. *Kutuma* ni shina kubwa. Kwake wanatoka mtume, mtumishi na mtumwa. Utume wa dini, utumishi wa umma na utumwa wa minyororo vyote vinakunywa kisima kimoja. Mtoto hutumwa dukani, mjumbe hutumwa na mfalme, na wote wawili hawaulizwi kama njia ilikuwa mbaya. Huulizwa kama walifika. Msikilizaji wa Kiswahili anayesikia kwamba nchi ilimtuma Akhwari hasikii habari ya tiketi ya ndege. Anasikia amri yenye heshima, ambayo kuitekeleza ni adabu na kuiacha njiani ni aibu. Wakati wenyewe uliipa sentensi nguvu zaidi. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwaka 1964 nchi ilikwenda Tokyo ikiitwa Tanganyika. Mexico City ndiyo iliyokuwa Olimpiki ya kwanza kwa jina la Tanzania. Taifa lilikuwa geni hata katika kazi ya kutuma.

Kwa usomaji huo sentensi ni nzuri, na hakuna sababu ya kuipunguzia sifa. Tatizo ni nafasi iliyopewa. Imekaa mahali pa mtu mzima. Katika mbio zilezile Abebe Bikila, bingwa wa Roma mwaka 1960 na wa Tokyo mwaka 1964, alitoka njiani kwa maumivu kabla ya nusu ya safari, na hakuna aliyemhesabia kuwa ameivunjia Ethiopia heshima. Kutoka kwake kulisomwa kama busara ya mtu anayeujua mwili wake, kwa sababu dunia ilikuwa na kurasa nyingine za kumsoma: Roma peku, Tokyo wiki chache tu baada ya upasuaji. Akhwari alisomwa ukurasa mmoja. Na ukurasa huo ni wa jeraha.

Kuna kurasa nyingine. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hiyo ni zaidi ya saa nzima chini ya muda wake wa Mexico City. Saa za njia mbili hazilinganishwi moja kwa moja, hasa ikiwa njia moja iko karibu na usawa wa bahari na nyingine iko mita 2,240 juu yake. Hata hivyo mtu anayekimbia kilomita 42 kwa muda ule ni mtaalamu wa daraja la juu wa zama zake. Huyu ndiye aliyeanguka Mexico City. Hakuwa mtu wa kawaida mwenye moyo mkubwa aliyejikuta katika mashindano ya wakubwa. Alikuwa mmoja wa wakubwa, naye aliangushwa akigombea nafasi kwa sababu alikuwa na haki ya kuigombea. Masimulizi yanayoanzia kwenye bendeji yanamnyang'anya ufundi wake na kumwachia uvumilivu peke yake, na kwa mkimbiaji wa nchi maskini mabadilishano hayo hufanyika upesi mno. Ufundi ni wa mtu. Uvumilivu unaweza kuhesabiwa kuwa ni desturi ya watu wa kwao.

Kijana aliyekataa kufika

Alan Sillitoe alichapisha *The Loneliness of the Long-Distance Runner* mwaka 1959, na filamu yake ikafuata mwaka 1962. Smith, msimulizi, ni kijana wa Nottingham aliyefungwa katika chuo cha mafunzo cha vijana wahalifu kwa kuiba katika duka la mikate. Mkuu wa chuo anagundua kwamba anajua kukimbia, anamruhusu atoke peke yake alfajiri kufanya mazoezi, na anamtegemea alete kikombe. Siku ya mashindano Smith anawaacha wote nyuma. Kisha, karibu na utepe, anasita kwa makusudi mpaka mwingine ampite.

Mtu akiiweka hadithi hiyo kando ya ile ya Mexico City, anaona kioo. Mmoja hana tena uwezo wa kushinda na anakataa kuacha. Mwingine amekwisha kushinda na anakataa kufika. Wote wawili wametumwa. Tofauti iko kwa mtumaji. Nchi iliyomtuma Akhwari ilikuwa imejitawala juzi na ilikuwa, angalau kwa matumaini, ni yake. Mkuu wa chuo anamtuma Smith kama mwenye farasi anavyompeleka farasi uwanjani, na Smith analijua hilo vizuri. Kwa Kiswahili mmoja yuko upande wa mtume wa shina lile, na mwingine anasukumwa kuelekea upande wa mtumwa. Kusita kwake mbele ya utepe ni njia ya kuukataa upande huo.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja juu ya msomaji wa Kiingereza hapa. Sillitoe anamfanya Smith aseme mapema kwamba kukimbia ni jambo la ukoo wake, hasa kuwakimbia polisi, na utani huo unakaa vizuri ndani ya kitenzi cha Kiswahili chenye sura mbili. Hadithi yote inahusu mkimbizi anayelazimishwa awe mkimbiaji. Lakini kuna jambo ambalo wahakiki wa uasi wa Smith hulipita haraka. Mahali pekee ambapo kijana huyu hajatumwa na mtu ni alfajiri, barabarani, katika baridi, wakati mashindano bado yako mbali. Huko anafikiri. Huko sauti yake inapata pumzi. Mkuu wa chuo anadhani mazoezi ni gharama ya kulipia kikombe. Kwa Smith mazoezi ndiyo mali yenyewe. Kikombe akikipoteza amepoteza cha mkuu. Asubuhi zile zilikuwa zake.

Kikomo cha -ka-

Hapo ndipo swali la kifasihi linapoanza kuwa gumu. Mashindano yana mwanzo, mgogoro na mwisho, yanajiandika yenyewe. Mazoezi hayana. Mazoezi ya marathoni ni marudio: mbio ndefu mara moja kwa wiki, vipande vya kasi uwanjani, vilima, na kati yake kilomita nyingi za mwendo mwepesi zisizo na tukio lolote. Arthur Lydiard wa New Zealand, kocha ambaye mbinu zake zilienea duniani tangu miaka ya 1960, aliwataka wanafunzi wake, hata wale wa mita 800, wajenge kwanza msingi wa takriban kilomita 160 kwa wiki. Mwili hauna njia ya mkato ya kujifunza kuchoma mafuta badala ya sukari, na akiba ya sukari ya misuli na ini huanza kuisha mkimbiaji anapokaribia au kuvuka kilomita ya 30. Kinachomfikisha kwenye kilomita ya 42 ni miezi ya asubuhi zinazofanana. Zitaandikwaje?

Sarufi ya Kiswahili imeligawa jambo hili vizuri kuliko nadharia nyingi. Mashindano ni ya *-ka-*: akaanguka, akainuka, akafungwa bendeji, akaendelea. Kiambishi hicho kinabeba tukio juu ya tukio, na ndicho kinachoendesha ngano tangu zamani. Mazoezi ni ya *hu-*: huamka, huvaa viatu, hutoka, hurudi. Nacho *hu-* kina sifa ambayo wanafunzi wa sarufi huikariri bila kuitafakari: hakikubali kiambishi cha nafsi. Mimi hukimbia, wewe hukimbia, yeye hukimbia. Kitenzi hakibadiliki, na jina likiondolewa mtendaji hajulikani. Tendo linalorudiwa kila siku linammeza anayelitenda. Si ajabu kwamba methali nyingi zinakaa humo: haba na haba *hujaza* kibaba. Methali ni ukweli usiokuwa na mwenyewe.

Mwandishi wa mazoezi, basi, ana kazi ya kumrudisha mtu ndani ya *hu-*. John L. Parker, katika riwaya yake *Once a Runner* aliyoichapisha mwenyewe mwaka 1978, alikwepa tatizo kwa kuligeuza zoezi moja kuwa tukio kubwa: shujaa wake, Quenton Cassidy, anarudia mita 400 mara 60 katika siku moja. Ni sura yenye nguvu, lakini ni ya *-ka-*. Zoezi limefanywa mashindano ili liweze kusimuliwa.

Haruki Murakami alichagua njia ngumu zaidi. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka Kijapani mwaka 2007 na Kiingereza mwaka uliofuata, uti wa kitabu ni maandalizi ya marathoni ya New York ya mwaka 2005. Yamo matukio: mwaka 1983 alikimbia peke yake kutoka Athens hadi Marathon katika joto la kiangazi, na mwaka 1996 alikimbia kilomita 100 kulizunguka Ziwa Saroma huko Hokkaido. Lakini hayo si moyo wa kitabu. Moyo wake ni hesabu ya kilomita za mwezi, hali ya misuli, hali ya hewa ya mahali anapoishi kwa msimu, na kukiri kwa utulivu kwamba umri unampokonya dakika ambazo hatazirudisha. Murakami hasimulii jinsi alivyoshinda. Anasimulia jinsi anavyopungua bila kuacha. Kwa hiyo *hu-* yake inapata mwenyewe: mtu anatambulika kwa namna anavyorudia.

Kiswahili kina neno kamili kwa anachokifanya, nalo ni *kujituma*. Kirejeshi *ji* kinawakutanisha mtumaji na mtumwa katika kiwiliwili kimoja. Anayejituma hana wa kumwambia kwamba njia ilikuwa mbaya. Lakini uhakiki wa haki unapaswa kuongeza kwamba Murakami anajituma akiwa na nafasi. Yeye ni mwandishi mwenye jina, anakimbia kwa ajili ya afya ya kazi yake, na hakuna mlo wa mtu unaotegemea dakika zake. Kitabu chake kinaonesha kwamba nathari ya marudio inawezekana. Hakioneshi itakuwaje pale ambapo mtu mmoja ametumwa na amejituma kwa wakati mmoja.

Sekunde kumi na sita

Mtu huyo yupo, na hajaandikiwa kitabu kinachomtosha. Juma Ikangaa, ofisa wa jeshi la Tanzania, alikimbia marathoni zake kwa mtindo ambao mtazamaji yeyote aliutambua: alikwenda mbele mapema na kukaa mbele. Katika mbio za barabarani anayetangulia hukata upepo kwa ajili ya wanaomfuata. Anawafanyia kazi wapinzani wake bila malipo. Wengi hukaa nyuma ya bega la mwenzao mpaka kilomita za mwisho. Ikangaa hakupenda kukaa nyuma ya bega.

Gharama yake inaweza kuhesabiwa. Brisbane, mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na mwenzake Gidamis Shahanga, bingwa wa michezo iliyotangulia ya Edmonton, waliwaacha wote mapema. Robert de Castella wa Australia akamfikia Ikangaa katika kilomita za mwisho, wakapokezana uongozi, na Mwaustralia akashinda kwa sekunde 12. Fukuoka, mwaka 1983, Toshihiko Seko alimtangulia kwa sekunde 3. Boston, mwaka 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde 1. Jumla ni sekunde 16 katika kilomita zaidi ya 126. Boston alikuwa wa pili tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990.

Kutangulia si kufika, methali ingesema, na ingeondoka imeridhika. Lakini methali ni hukumu ya mtu aliyekaa barazani. Haimwoni anayetangulia akiwa njiani. Mbio za mwaka 1988 zinastahili kusomwa zaidi ya hapo. Hussein ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, na sekunde moja nyuma yake alikuwa Ikangaa. Katika barabara ile kongwe ya mbio, mbele ya umati wa Wamarekani, mshindi na mshindwa walitoka katika nchi mbili jirani zinazozungumza Kiswahili. Mkimbiaji anayekaa mbele huwalazimisha wengine wakimbie mbio ambazo wasingezichagua. Muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 43 ulioandikwa kwa jina la Hussein una mkono wa mtu wa pili ndani yake, kama vile shairi la kujibizana lilivyo na mkono wa aliyeanza.

Kisha ikaja New York, Novemba 1989. Ikangaa alikwenda mbele na mara hii hakufikiwa: saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi mwaka 2001. Methali haikuvunjika, ila ilipata nyongeza. Kutangulia si kufika, lakini kuna wanaofika kwa kutangulia.

Ikangaa naye ana kauli inayozunguka katika vitabu vya mazoezi, ambayo maana yake ni kwamba nia ya kushinda haifai kitu bila nia ya kujiandaa. Kauli hiyo na ile ya Akhwari zinapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu ni nusu mbili za fikra moja. Ya Akhwari inahusu mwisho na inamtaja mtumaji. Ya Ikangaa inahusu wakati kabla ya mwanzo na haimtaji mtumaji yeyote. Ya kwanza inaweza kusemwa na mtu mwenye bendeji mbele ya kamera. Ya pili imejaa asubuhi ambazo hakuna kamera iliyozifuata. Dunia imeipenda ya kwanza zaidi, na si vigumu kuona sababu. Ya kwanza inasimulika.

Mwenyeji kama kitendawili

Pengo hilo wamelijaza wageni, na baadhi yao wamelijaza kwa uaminifu. Adharanand Finn, mwandishi wa habari Mwingereza, alihamia Iten pamoja na familia yake, akajiunga na vikundi vya mazoezi, akajiandaa kwa mbio za Lewa, na mwaka 2012 akachapisha *Running with the Kenyans*. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba mwandishi anachoka. Anaachwa nyuma alfajiri katika barabara ya udongo mwekundu, na kwa kuachwa anaonesha kasi ambayo takwimu zisingeionesha. Mwishoni anakubali kwamba hakuna siri moja: kuna mwinuko wa nchi, chakula, umaskini, kambi, mifano ya majirani waliofaulu, na kazi isiyokoma.

Udhaifu wake uko katika umbo. Kitabu kinachoanza kwa kutafuta siri kinamfanya mwenyeji awe kitendawili na mgeni awe mteguzi, hata kama mwishoni mteguzi anakiri kwamba hakukuwa na jibu moja. Katika mchezo wa kitendawili wa Kiswahili anayetega anajua kwamba anatega. Ana jibu, na anayeshindwa humpa mji. Mkimbiaji wa Iten katika vitabu vya aina hii hajategeana na mtu. Yuko kazini. Swali la kwa nini wao wana kasi limewekwa juu yake kutoka nje, nalo linaficha swali ambalo mhakiki wa wasifu angeliuliza kwanza: huyu mmoja hufikiri nini katika kilomita ya 25, na hujisemeza kwa maneno gani?

Lawama hii haimwendei Finn peke yake. Inawaendea pia wenye lugha. Kiswahili hakikosi mfano wa kuandika njia ndefu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa masimulizi ya safari, miongoni mwake safari ya Selim bin Abakari hadi Urusi na Siberia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliacha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Maandishi hayo yalizaliwa katika mazingira ya biashara na ukoloni na hayasomwi bila tahadhari, lakini kwa ufundi yana kitu ambacho fasihi ya mbio inakihitaji: yanahesabu. Siku ngapi za mwendo, kambi gani, maji yako wapi, nani alidai nini. Msafiri haoni haya kuandika siku ambayo hakuna kilichotokea isipokuwa mwendo. Shajara ya mazoezi ya mkimbiaji, pamoja na kilomita zake, vilima vyake na maumivu ya nyonga, ingekuwa mrithi halali wa nathari hiyo.

Wanaosomwa kwa -ka- tu

Kwa nini jambo hili liwahusu wasomaji wa Muscat, London au Minneapolis ambao barabara ya Iten wameiona kwenye picha? Kwa sababu wengi wao wanaishi ndani ya shina lilelile. Wapo waliotumwa: ng'ombe aliuzwa, kiwanja kiliwekwa rehani, harambee ilipigwa, na tiketi ikanunuliwa. Wapo waliokimbia kwa maana ya pili ya kitenzi, na wapo ambao hawawezi tena kutenganisha maana hizo mbili. Nyumbani wanasimuliwa kwa *-ka-*: alikwenda, akafika, akapata kazi, akajenga. Zamu za usiku, lugha iliyojifunzwa ukubwani, mitihani iliyorudiwa ili cheti cha nyumbani kitambuliwe, hayo ni ya *hu-*, na hayasimuliwi. Sentensi ya Akhwari inaposomwa katika hafla zao inawapa heshima, na pia inawaongezea mzigo, kwa kuwa inasema kwamba hesabu pekee ni ya kumaliza.

Kiswahili cha kutuma kina upande wa pili ambao hafla hizo huusahau. Anayetuma hutoa masurufu. Mjumbe hauawi, na mjumbe hasahauliwi. Aliyemtuma ana deni kwake la chakula cha njiani na la mapokezi. Akhwari alipewa nishani ya taifa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico City, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioubeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Hizo ni heshima za kweli. Deni la fasihi ni la namna nyingine, na halilipwi kwa nishani: ni kumsoma mtu kabla hajaanguka.

Kitabu kinachohitajika si kigumu kukiwaza. Kingekusanya maneno ya wakimbiaji wa Mbulu, Singida, Arusha na Iten kwa Kiswahili chao wenyewe, na kisingewauliza siri. Kingewauliza hufanya nini Jumanne. Kingekuwa na uvumilivu wa kuandika kilomita zisizo na tukio mpaka *hu-* ianze kusikika kama sauti ya mtu mmoja anayetambulika. Ndani ya kitabu kama hicho Mexico City ingepata sura moja, Edinburgh nyingine na Boston ya tatu. Kurasa zilizobaki zingekuwa za asubuhi za vilimani, kabla mkimbiaji hajatumwa na mtu.